Plastiki Haisemi Basi

Jumamosi, tarehe 8 Machi.
Asubuhi ya mawingu. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, na natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana nakujua, ukiisoma umesimama utaishia katikati. Mgongo wako unaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba umeanza kuweka mto nyuma ya kiti cha karakana, nikafurahi, kisha akaongeza kwamba mto wenyewe unakaliwa na paka, nikakasirika. Shemeji hajambo? Mwambie Bi Taratibu wake, jina alilonibandika yeye mwenyewe, bado yuko hai na bado yuko taratibu. Na mapacha je, wameacha kuchukua nta yako kuchezea? Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonisumbua mwezi uliopita kimeisha, nakula vizuri, na chumba tunachokaa wanafunzi wanne kimerekebishwa paa, kwa hiyo manyunyu haya nayasikiliza tu, hayanifikii.

Aproni uliyonishonea imefika. Mifuko mitatu, mmoja wa penseli. Niliivaa mbele ya wenzangu wakasema nimeshakuwa fundi kamili, kilichobaki ni kukohoa kama fundi. Na nimeisoma barua iliyokuja nayo. Umesema kiti cha dirishani kiko tayari, umekipunguza miguu kilingane na urefu wangu, na meza umeipiga msasa mwenyewe. Umesema mke wa kinyozi alirudi mara ya pili kuomba umfundishe kazi, ukamwambia hapana, mahali pale pana mwenyewe. Kisha ukauliza swali moja tu: nije lini?

Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huwa unanimalizia sentensi. Wewe husikia neno la kwanza ukajua la mwisho, na mara nyingi hukosei, lakini safari hii naomba unisubiri. Jumatatu asubuhi kila mmoja wetu wa mwaka wa mwisho ataingia kwa mwalimu mkuu wa chuo kusema amechagua chumba gani cha kazi: kung'oa meno, karakana ya meno ya bandia, au kusafisha meno. Ukishasema umesema. Huko ndiko utakakofanyia mtihani, na cheti kitaandikwa hivyo. Nataka niwe nimekuambia yaliyo moyoni mwangu kabla ya hapo, hata kama barua itakufikia Jumatano.

Nianze na chumba cha kung'olea, ingawa sehemu yake unaijua. Daktari wa pale tulimpa jina la Treni, na yeye analijua na halimchukizi. Benchi la ukumbini huwa limejaa kabla jua halijapanda, watu wameshika mashavu, na yeye huita, hudunga ganzi, huenda kwa wa pili, hurudi kwa wa kwanza, hung'oa, hunawa, huita. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa vifaa. Nilipanga sinia langu kama tulivyofundishwa, kioo, sindano, koleo za juu, koleo za chini, pamba, kila kimoja sambamba na mwenzake. Tatizo ni kwamba kila alichokitumia na kukirudisha nilikipanga upya. Mkono wake ungenyooka hewani unasubiri koleo, na mimi ningekuwa nanyoosha pamba.

Hakuwahi kunifokea. Siku moja alisema tu, macho yake yakiwa mdomoni mwa mgonjwa, kwamba nikiendelea hivi jino litachoka kusubiri litoke lenyewe. Mgonjwa mwenyewe, mzee wa watu, ganzi imemvimbisha mdomo, alicheka mpaka tukalazimika kusimama. Na kuna mama mmoja aliyekuwa akinitazama kutoka benchini mlango ukiwa wazi. Aliponipita kuingia aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa kama pale ninaandaa jino au ninaandaa harusi.

Nilijitahidi, dada. Nilifanya mazoezi ya kuacha vitu vikae upande upande. Lakini nikiharakisha mikono hunitetemeka, na mikono ikitetemeka mgonjwa huona, na mgonjwa akiona, mwili mzima hukakamaa. Treni aliniita mwishoni mwa muhula akaniambia kwamba watu husema haraka haina baraka, lakini katika chumba chake haraka ndiyo baraka yenyewe, kwa sababu mtu wa mwisho benchini naye anaumwa tangu asubuhi. Alisema mimi ni binti mwema na nina macho mazuri ya kazi, ila mwendo wangu si wa pale. Nilikwenda stoo nikalia katikati ya maboksi ya glavu. Baadaye nikakuandikia, ukanijibu kwa mistari miwili: njoo karakana, nilikuambia tangu mwanzo. Na ni kweli uliniambia tangu mwanzo.

Basi nikaenda karakana. Barua nilizokuandikia kutoka pale unazo, na kila neno lilikuwa la kweli siku niliyoliandika. Hakuna benchi, hakuna aliyeshika shavu. Kuna meza ndefu, taa ya kuinama, moto mdogo wa gesi, harufu ya nta iliyoyeyuka, na Fundi Mkuu anayeimba kwa pua bila kufungua mdomo kuanzia asubuhi mpaka saa ya kufunga. Anaweza kukaa nusu siku bila kukusemesha, na ukimsemesha anajibu kwa nyusi. Nilipanga meno ya bandia kwenye nta, jino moja moja, na hakuna mkono ulionyooka hewani kuniomba chochote. Nikasema hapa ndipo kwetu. Nikakuandikia kwamba moyo wangu umefika. Naamini ndiyo wiki ile ile ulipoanza kupunguza miguu ya kiti.

Sikukuandikia habari za meno ya dereva. Nakuandikia sasa.

Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, asiye na jino hata moja, juu wala chini. Fundi Mkuu alinipa kazi yake yote, peke yangu, kwa sababu alisema nina subira. Nilipanga meno kwenye nta, nikapika plastiki, nikang'arisha. Ikabaki kulinganisha ung'ataji. Wewe kazi hii unaifanya huku unazungumza na mama dirishani: unaweka ile karatasi ya rangi katikati, unafunga taya za mashine, unafungua, unaona madoa ya buluu pale meno yanapogusana kupita kiasi, unasaga doa, unaweka karatasi tena. Mara tatu, nne, umemaliza, unauliza kama chai iko tayari.

Mimi nilisaga doa la kwanza. Nilipofunga tena, palitokea madoa mawili upande wa pili. Nikayasaga. Yakatokea mengine mbele. Kila doa nililolizika lilifufuka mahali pengine, na kila mara nilijiambia hili ndilo la mwisho, likiondoka hili yatakuwa sawasawa. Nilianza Alhamisi, na Jumanne nilikuwa bado nasaga. Fundi Mkuu alipita nyuma yangu, akainua nyusi kwa furaha, akaendelea kuimba. Hatimaye nilifunga taya, nikafungua, na madoa yalikuwa yameenea kote, yamelingana kama yaliyochorwa kwa rula. Nilijisikia kama mtu aliyefika kilele cha mlima.

Mlima wenyewe sikuona umekwenda wapi. Wewe umeshajua. Magego hayakuwa na mabonde wala vilima tena, yalikuwa laini kama kokoto za mtoni. Dereva alikuja, akayavaa, akatabasamu, akapendeza kwa kweli. Fundi Mkuu akampa kipande cha karoti ajaribu. Karoti ikateleza kulia. Akaifuata, ikateleza kushoto. Alihangaika nayo kama mtu anayetafuta sabuni kwenye beseni, kisha akaitoa nzima, akaitazama, akaniambia, binti yangu, umenitengenezea meno ya kupigia picha, sasa nitengenezee na ya kulia chakula.

Wote walicheka na mimi nikacheka. Fundi Mkuu aliyatengeneza upya, hakunilaumu, alisema kila fundi ana dereva wake. Lakini kilichonikaa moyoni si kicheko. Ni kwamba siku zile zote nikisaga, sikujua kama nimechoka. Sikujua kama nimepita kiasi. Nilikuwa nikisubiri kitu kiniambie basi, inatosha, na plastiki haisemi basi. Ukiisaga inasagika. Ukiendelea, inaendelea nawe mpaka iishe.

Mwezi wa kwanza nikahamia chumba cha kusafishia, na nilikwenda bila tamaa yoyote, kama mtu anayekwenda kulipa kodi. Kwetu sisi chumba kile kilidharauliwa. Wenzangu wanakiita dobi. Msimamizi wake ni mama wa makamo, mrefu, mwenye viatu vya raba vyeupe, na jina lake pale ni Mama Nyoosha. Jina hilo limetokana na neno lake la kwanza kwa kila mgonjwa. Kabla hajavaa barakoa humwambia: mkono wako wa kushoto ni breki, ukitaka nisimame, nyoosha. Sitakuuliza kwa nini.

Na kweli haulizi. Nimemwona akiwa katikati ya jino, ukoga unabanduka vizuri, ungedhani angeomba nusu dakika tu amalize, lakini mkono ukinyooka yeye hutoa kifaa mdomoni papo hapo, hukaa wima, husubiri. Mtu ateme, ameze, apumue, afikirie. Mkono ukirudi chini, kazi inarudi. Siku yangu ya kwanza mwalimu mmoja wa shule ya jirani alinyoosha mkono, tukasimama, akasema alitaka tu kujua mpira wa jana uliishaje. Mama Nyoosha akamwambia matokeo, akarudi kazini. Nilipomuuliza baadaye kama si kupoteza muda, alisema mtu asiyejaribu breki hawezi kuiamini, na yule mwalimu alikuwa akijaribu breki.

Katika chumba kile mgonjwa mmoja ana nafasi yake ndefu, hakuna benchi linalokutazama. Kwa hiyo mwendo wangu haukumkera mtu. Lakini sikuliona hilo kuwa jambo kubwa mpaka alipokuja mama muuza vitambaa.

Mama huyu alifika mlangoni siku tatu tofauti na kuondoka. Siku ya nne aliingia na kukaa, mtandio wake ameuvuta mpaka puani. Alisema hajafungua mdomo mbele ya mtu kwa miaka mingi, hata mumewe anadhani hana tabia ya kucheka. Fizi zake zilikuwa zinatoka damu, na ukoga ulikuwa umeganda nyuma ya meno ya chini kama chokaa kwenye birika. Mama Nyoosha alinitazama akasema huyu ni wako, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni akaanza kufuta vioo vilivyokwisha kufutwa.

Nilimweleza habari ya mkono. Nilipogusa jino la kwanza akanyoosha. Nikasimama. Akashusha. Nikagusa, akanyoosha. Ilikwenda hivyo kama mchezo wa watoto, na mimi, dada, ambaye kwa Treni nilikuwa mzigo, sikuona shida hata kidogo. Nilikuwa na muda wote duniani. Na kila mkono uliponyooka nilijua: hapa ndipo. Hapa inatosha kwa sasa. Sikuhitaji kubuni. Siku ile tulisafisha meno manne tu. Nilidhani Mama Nyoosha atanung'unika, lakini alimpangia arudi wiki inayofuata, na inayofuata tena.

Wiki ya tatu mkono wake ulikaa mapajani muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya gego la mwisho, sehemu ngumu, na ukoga ulikuwa umebaki kidogo sana, kiasi cha ncha ya sindano. Fizi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Hakunyoosha mkono. Angeniacha niendelee, alikuwa ameshaniamini. Na nilisikia mkono wangu mwenyewe ukisimama. Nikamwambia leo basi, hiki kidogo kitangoja wiki ijayo. Alinyanyuka, akatema, akajiangalia kwenye kioo, akauliza kama anaruhusiwa kucheka au asubiri wiki ijayo pia. Akacheka bila mtandio. Nilitoka nje kidogo nikasimama ukumbini, maana ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuacha kitu hakijaisha na kuona kwamba nimekimaliza.

Umeshaelewa ninakokwenda. Najua umeshaelewa tangu ukurasa wa pili, na sasa umeweka barua mezani na unatazama kile kiti. Jumatatu nitasema chumba cha kusafishia. Mama Nyoosha ameniomba nibaki naye baada ya mtihani. Siji, dada. Sitakuja kukaa dirishani.

Nimeandika hivyo nikanywa maji. Sasa kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Nimeruka mwezi wa likizo. Nimetoka kwa dereva nikaenda moja kwa moja chumba cha kusafishia, kama vile katikati hapakuwa na kitu. Katikati nilikuwa kwako. Ulinipa kazi ya bibi mshona mikeka, meno ya juu na ya chini, ukasema hii yako, mimi siigusi. Nilikuja kwako nikijiambia kwamba yule dereva alikuwa bahati mbaya, kwamba nikiwa nyumbani, na wewe pembeni, itakuwa tofauti. Nikapanga, nikapika, nikasaga. Nikasaga. Ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuona ukinitazama, ukafungua mdomo, ukaufunga, ukaenda kuwasha jiko. Nilipomaliza nikayaweka rafuni, na nikayaona. Sikujidanganya safari hii. Yalikuwa kokoto.

Kesho yake nilikwenda na mama kumwona shangazi, tukalala huko. Tuliporudi, meno yalikuwa rafuni palepale, kwenye kisahani kilekile, na magego yake yalikuwa na vilima na mabonde kama inavyopasa. Bibi alikuja, akayavaa, akatafuna kipande cha mkate mkavu mpaka kikaisha, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili akaniombea dua ndefu. Na wewe ulisimama nyuma yangu ukamwambia, huyo ndiye mdogo wangu, ana mkono wa subira.

Nilijua, dada. Si kwa sababu ya magego tu. Chonge la juu la kushoto lilikuwa limeinama nje kidogo, kiasi cha unene wa kucha. Mimi nilikuwa nimelisimamisha wima. Chonge la kushoto lililoinama nje lilikuwa la baba. Wewe huwawekea watu wote. Sijui kama unajua kwamba unafanya hivyo. Nimeliona kwenye kila kazi iliyowahi kutoka mikononi mwako. Nusu ya wazee wa mtaa wetu wanakula na kucheka kwa chonge la baba yetu. Nilipoliona mdomoni mwa bibi nilijua kwamba uliketi siku nzima, na mgongo ule, ukayatengeneza yote upya, kisha ukanipa mimi dua yake.

Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa na furaha sana. Na wewe hukusema kitu kwa sababu unanipenda. Hapo ndipo ninapoogopa. Nikija kukaa dirishani, mimi nitasaga na wewe utanyamaza, kisha nikienda sokoni utakaa utengeneze upya. Utakuwa na kazi mbili na mgongo mmoja. Mimi nitaendelea kupokea dua za watu kichwani, na kila dua nitajua ni ya nani. Huwezi kuniambia basi. Hukuwahi kuweza, hata tulipokuwa wadogo. Nilikuwa nikichana nywele zako mpaka unatokwa na machozi, nawe unasema endelea, bado kidogo. Sikulaumu. Nasema tu kwamba watu wanaonilipia makosa yangu kwa kunyamaza siwezi kufanya nao kazi, na wewe ndiye wa kwanza wao.

Mke wa kinyozi mpe kile kiti. Nilimwona siku ile alipokuja mara ya kwanza, mimi niko likizo. Ulipokuwa unamjibu hapana, mikono yake ilikuwa imeshaokota mabaki ya nta mezani na kuyafinyanga yakawa jino la mbele, zuri kabisa, bila kuangalia, huku anakueleza habari za mama mkwe wake. Alipomaliza maneno aliliweka chini. Mtu yule anajua kumaliza. Kisha ana watoto wanaomsubiri, hatakaa anasaga mpaka Jumanne. Na ni msemaji. Atakuambia uondoe paka kwenye mto. Miguu ya kiti ikiwa mifupi kwake, shemeji ataongeza vipande, asijifanye hana msumeno, nimeuona nyuma ya kabati.

Ukikasirika, kasirika. Usiniandikie kwamba hujakasirika kama umekasirika. Nipe hata ukurasa mmoja wa hasira, nitauhifadhi vizuri, nitakaa nao mpaka uishe, kisha nitakuja mwezi wa sita nibebe maji na kuosha vyombo kama kawaida. Na nitaleta vifaa vyangu. Nimekumbuka kwamba katika miaka yote ya kutengenezea watu meno, sijawahi kusikia umempa mtu yeyote nafasi ya kuangalia yako. Nitaanza na mama, maana hakatai kitu, na mapacha watafuata wakiahidiwa zawadi. Wewe utakuwa wa mwisho, na najua utasingizia jiko.

Mwambie mama nimepokea salamu zake na kwamba ninavaa soksi. Mwambie shemeji sasa nimepata mahali ambapo watu wanapanga miadi ili wahudumiwe taratibu, kwa hiyo atafute jina jingine la kunitania. Wabusu mapacha, mmoja mmoja, kwa zamu, wasije wakagombana nani ameanza. Aproni sitairudisha. Naivaa chini ya koti jeupe, na mfuko wa penseli unatosha kioo cha mdomoni bila kuzidi hata kidogo.

Nakuombea mgongo, usingizi, na wateja wanaolipa kwa uso mkunjufu. Nakupenda kama ulivyonifundisha, isipokuwa ile sehemu ya kunyamaza.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Bi Taratibu

Jumapili asubuhi, nyuma ya bahasha. Kumekucha na jua, barabara bado ina matope. Jana nilipoweka kalamu chini niliona kwamba kuna sentensi mbili kwenye ukurasa wa tatu ambazo zingekuwa nzuri zaidi zikibadilishana nafasi, na moja kwenye ukurasa wa mwisho ni kali kuliko nilivyokusudia. Nilishika kalamu tena. Kisha nikaifunga bahasha bila kugusa neno. Nililala saa nne kasoro dakika tano.